Kwa Nini Watazamaji Hawakubaliani Kuhusu The Pink Panther ya Mwaka 1963

Swali: Mwalimu, shikamoo. Juzi mimi na baba yangu tuliangalia The Pink Panther, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1963. Baba, ambaye aliiona ujanani, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilisinzia katikati. Nilipowauliza wenzangu wanaopenda filamu za zamani nikakuta nao wamegawanyika. Wako wanaosema hakuna filamu ya kuchekesha ya wizi wa vito inayoifikia, wako wanaosema imerefushwa bila sababu, na wako wanaolalamika kwamba Inspekta Clouseau, ambaye ndiye waliyemfuata, haonekani vya kutosha. Nani ana haki? Na je, niendelee na zile zilizofuata au niachane nazo?

Jibu: Marahaba. Nianze kwa kusema kwamba wewe na baba yako hamkuangalia filamu moja, ingawa mlikaa mbele ya kioo kimoja. Filamu hii ilitungwa iwe ya mtu mmoja, ikachukuliwa na mwingine wakati inapigwa, na mshono uliounganisha nia hizo mbili unaonekana hadi leo kwa yeyote anayeutafuta. Karibu kila sifa na kila lawama uliyoisikia kwa wenzako inatokana na upande wa mshono ambao msemaji amekaa.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaiona, kisa chenyewe ni hiki. Binti mfalme Dala wa Lugash, nchi ya kubuni ya Mashariki, anamiliki almasi kubwa sana ambayo, ikitazamwa kwenye mwanga, huonyesha ndani yake kasoro yenye umbo la chui anayeruka, na hapo ndipo lilipotoka jina la filamu. Sir Charles Lytton, bwana wa Kiingereza mwenye adabu na maneno matamu, kwa siri ni mwizi wa vito anayejulikana kwa jina la Phantom, ambaye huacha glavu nyeupe kila anapoiba. Anamfuata binti mfalme hadi Cortina d'Ampezzo, mji wa milimani huko Italia ambako matajiri huenda kuteleza kwenye theluji. Anayemsaka ni Jacques Clouseau, inspekta wa polisi ya Ufaransa, asiyejua kwamba mkewe Simone ni mshirika wa mwizi huyo na pia hawara yake. Anaongezeka George, mpwa wa Sir Charles, kijana laghai anayewasili kutoka Marekani, naye anaitaka almasi ileile na anamtamani mwanamke yuleyule.

Ukiyasoma maelezo hayo bila kuwa umewahi kusikia habari za Clouseau, utaona mara moja kwamba mhusika mkuu, au stelingi kama watazamaji wetu wanavyomwita, ni mwizi. Ndivyo Blake Edwards, mwongozaji, na Maurice Richlin, aliyeandika naye hadithi, walivyokusudia. Jina la David Niven, anayeigiza Sir Charles, ndilo linalotangulia. Walitaka kichekesho cha kistaarabu cha watu wa tabaka la juu, chenye hoteli nzuri, mvinyo, mavazi ya gharama na mazungumzo ya kuchombezana, na ndani yake awemo mume mmoja bwege anayechezewa shere ili wengine wapate nafasi ya kuonyesha ujanja wao. Nafasi hiyo ya bwege alipewa Peter Ustinov. Muda mfupi kabla ya kazi kuanza akajitoa, na Peter Sellers akaitwa kuziba pengo.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Edwards na Sellers waligundua kwamba wote wawili wanavipenda vichekesho vya mwili vya enzi za filamu zisizo na sauti, vile vya mtu kupigana na mlango, kiti au kofia yake mwenyewe. Edwards hakuwa na haya na mapenzi hayo; filamu yake ya mwaka 1965, The Great Race, aliitabaruku waziwazi kwa Laurel na Hardy, wachekeshaji wawili maarufu wa zamani. Basi kila Sellers alipoingia mbele ya kamera tukio lilipanuka, na mtu aliyeandikwa kuwa mzaha wa pembeni akaanza kuvuta macho yote upande wake.

Angalia tu anavyoingizwa. Clouseau yuko ofisini kwake, anazungumza kwa uzito mkubwa kuhusu kumsaka Phantom popote duniani, analizungusha tufe la dunia lililo karibu naye, kisha analiegemea huku bado linazunguka, na tufe linamtupa sakafuni. Kuanguka kwenyewe ni jambo la kawaida, hata mtoto anaweza kuanguka akachekesha. Kinachomtofautisha Sellers ni kwamba uso wake hauombi kicheko. Clouseau anainuka na heshima yake yote, kama mtu ambaye dunia ndiyo iliyomkosea, na kuanzia hapo tunajua kwamba huyu hataelewa kamwe jinsi wengine wanavyomwona. Waigizaji wengi wa vichekesho hutukonyeza kutuambia kwamba wanajua wanachekesha. Sellers hakonyezi hata mara moja kwa muda wote wa filamu, karibu saa mbili.

Niven alipoteza zaidi ya hayo. Wimbo maarufu wa Henry Mancini, ule wa saksafoni inayonyata ambayo mpigaji wake alikuwa Plas Johnson, ulitungwa kwa ajili ya mwizi wake, bwana anayetembea kwa ncha za vidole gizani. Lakini uliwekwa kwenye utangulizi wa katuni uliotengenezwa na kampuni ya David DePatie na Friz Freleng, na yule chui wa rangi ya waridi aliyechorwa ili kupamba majina ya waigizaji akaondoka nao moja kwa moja. Akapata mfululizo wake wa katuni, na ya kwanza kabisa, The Pink Phink, ikashinda Tuzo ya Oscar ya katuni fupi ya mwaka 1964. Leo ukiupiga mluzi wimbo ule barabarani, anayeusikia atamfikiria katuni au Clouseau. Sijakutana bado na mtu anayemfikiria Sir Charles.

Kwa hiyo wenzako wanaolalamika kwamba Clouseau ni haba wana haki, lakini wanalalamikia ratiba ambayo haikuwa yao. Wamefika wakiwa wamekwisha kuziona filamu zilizofuata, ambamo Clouseau ndiye kila kitu. Lafudhi ile ya Kifaransa ya kupindapinda inayowafurahisha watu wengi, hapa bado ni nyepesi. Ilikolezwa kuanzia A Shot in the Dark ya mwaka 1964. Kamishna Dreyfus anayerukwa na akili kwa sababu ya Clouseau, na Cato, mtumishi anayemvamia nyumbani kwa amri yake mwenyewe, hawamo kabisa katika filamu hii, kwani nao walianza kwenye hiyo ya pili. Anayewasubiri atasubiri mpaka taa ziwashwe.

Sasa nije kwenye tukio ambalo kwangu mimi ndilo linaloamua kesi, nalo ni lile la chumbani mwa Simone, ambalo nashuku ulilisinzilia. Simone amejikuta na wanaume wawili ndani ya chumba, Sir Charles na George, na kila mmoja anafichwa mwenzake asimjue, wakati mume halali naye amerudi na anataka kulala na mkewe kama mume yeyote. Mmoja yuko chini ya kitanda, mwingine anahamishwa kutoka maficho hadi maficho, na Clouseau anazunguka katikati yao akiwa na nguo za kulalia, mwenye huba, mwenye subira, akitumwa hiki na kile na mke anayetafuta upenyo wa kuwatoa wageni wake. Anapoikanyaga fidla yake mwenyewe gizani, anajifariji kwamba ukishaiona Stradivarius moja umeziona zote. Fidla hizo ni miongoni mwa ala ghali kuliko zote duniani, lakini mume huyu anaipuuza hasara yake bila kubadili uso.

Tukio hili ni refu sana, na urefu wake ndio ufundi wake. Edwards hakati kwenda kwenye uso wa huyu na mkono wa yule. Anaitua kamera, anakionyesha chumba kwa upana, kisha anaiacha milango ifanye kazi yake. Jicho lako ndilo linalopaswa kwenda huku na huko, likijua aliko kila mmoja na likihofia atakakokutana na mwenzake. Mtazamaji akishalielewa hilo, kila hatua ya Clouseau kuelekea kitandani huwa na msisimko usiopungua ule wa filamu ya upelelezi wa kweli. Na kuna uchungu kidogo ndani ya kicheko, kwa sababu katika chumba kile Clouseau peke yake ndiye mwenye haki ya kuwemo, na ndiye peke yake asiyejua kinachoendelea.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo watazamaji hawalifikirii wanapobishana. Filamu ilipigwa kwa umbo pana sana, ambapo upana wa picha ni takriban mara 2.35 ya urefu wake. Kwa miaka mingi watu waliiona majumbani kwenye televisheni za zamani zenye umbo la 4 kwa 3, na ili picha ijae kioo ilibidi pande zake zikatwe. Piga hesabu utaona kwamba zaidi ya asilimia 40 ya picha ilitupwa. Katika filamu ya mapigano hasara hiyo inavumilika, lakini katika tukio la chumbani mwa Simone maana yake ni kwamba mlango unafunguka nje ya kioo, mtu anajificha mahali usipopaona, na wewe unabaki ukimtazama mwanamke anayebabaika bila sababu. Nimewasikia watu wazima wenye akili zao wakiapa kwamba tukio hilo halichekeshi, na nilipowauliza walikoliona wakanitajia nakala ya namna hiyo. Anayeiangalia kwenye simu leo anapata picha nzima, lakini ndogo mno kiasi kwamba kinachotokea pembeni hukipita kioo kama mdudu. Kabla ya kuihukumu, itafute nakala yenye mistari myeusi juu na chini, uiangalie kwenye kioo kikubwa.

Hayo hayamaanishi kwamba usingizi wako haukuwa na sababu. Katikati ya filamu kuna mandhari ndefu ambamo Sir Charles anamlewesha binti mfalme kwa shampeni mpaka anaishia kulala juu ya ngozi ya chuimilia, huku wakizungumza kuhusu mapenzi na maisha. Waigizaji wote wawili wanapendeza, taa ni nzuri, na hakuna kinachosonga mbele. Hapo ndipo filamu iliyokusudiwa awali inapojitokeza ikiwa peke yake, bila Sellers, na inaonekana ingekuwa filamu ya kawaida tu. Wimbo wa Meglio stasera, unaoimbwa na Fran Jeffries mbele ya wageni wa hoteli, nao unasimamisha kisa kizima ili watu wacheze, lakini huo mimi sithubutu kuushutumu, maana naupenda kuliko baadhi ya matukio yanayohusu almasi.

Mandhari hayo ya shampeni yana kasoro nyingine ambayo watazamaji vijana huitaja na wazee huipuuza. Dala amejitambulisha kwamba hanywi pombe, na mwanamume anayetaka kumwibia anamnywesha kwa hila mpaka anapoteza fahamu, nasi tunatakiwa tuone ni uungwana. Mwaka 1963 hilo lilipita kama utani wa kawaida. Leo halipiti, na sioni sababu ya kumkatalia anayesema limemwondolea raha. Zaidi ya hayo, binti mfalme wa Mashariki anaigizwa na Claudia Cardinale, Mwitalia aliyezaliwa Tunis, na sauti tunayoisikia si yake bali ya Gale Garnett aliyeingizwa baadaye. Anakuwa mapambo ya filamu mara mbili, kwa sura na kwa sauti. Ninachosikitikia zaidi ni kwamba hadithi yenyewe ilikuwa imempa jambo zito mikononi, kwani Lugash imepata serikali mpya inayodai almasi hiyo ni mali ya wananchi, naye anakataa kuitoa. Madai ya aina hiyo yapo duniani kweli, mfano ni India inavyoidai almasi ya Koh-i-Noor kutoka Uingereza, lakini Edwards anaitumia hoja hiyo kama msumari wa kutundikia kisa, kisha anaiacha.

Anaiacha, lakini anairudia mara moja kwa ujanja ambao wengi hausalii kichwani mwao. Katika karamu ya mavazi ya kujigeuza huko Roma, Sir Charles na George wanakwenda kwenye sefu kila mmoja kivyake, wote wawili wakiwa wamevaa mavazi ya gorila, na wanakutana pale kama mtu na kioo chake. Sefu haina kitu. Almasi imekwisha kuchukuliwa na mwenyewe, Dala, ili asilazimike kuikabidhi. Kwa maneno mengine, hii ni filamu ya wizi wa vito ambamo mwizi mkuu haibi kito kinachotajwa katika jina lake. Watazamaji wanaopenda kuona mipango, kamba, saa na sefu inayofunguliwa kwa jasho hutoka hapa wamekasirika, nami nawaelewa. Badala yake wanapewa mbio za magari usiku, gorila wawili wakiendesha, polisi wakiwa ndani ya vazi la punda milia, Clouseau amevaa deraya la chuma, na mzee mmoja anayejaribu kuvuka uwanja akakwama kila mara, mpaka mwishowe anajiletea kiti na kukaa kutazama. Ajali yenyewe tunaisikia tu. Tunachokiona ni uso wa mzee.

Wanaotaka wizi wenyewe ningewaelekeza kwenye Topkapi ya Jules Dassin, iliyotoka mwaka 1964, ambamo genge linamteremsha mwenzao kwa kamba kutoka juu ya paa la jumba la makumbusho la Istanbul kulichukua jambia la Sultani lenye zumaridi, bila mguu kugusa sakafu yenye king'ora. Humo utamkuta Peter Ustinov, yuleyule aliyeikataa nafasi ya Clouseau, na kwa kazi hiyo alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi. Kwa hiyo kujitoa kwake kuliwafaidi watu wawili.

Limebaki suala la mwisho wa filamu, ambalo nadhani ndilo lililomliza baba yako kwa kicheko, na ambalo wengine huliona la kikatili. Mwizi na mpwa wake wanafikishwa mahakamani, wakili anamwita Clouseau kuwa shahidi, anamuuliza maswali yanayomfanya aonekane yeye ndiye Phantom, na Clouseau, akiwa ametota jasho, anachomoa leso kujifuta na almasi, aliyowekewa humo kwa njama ya Dala na Simone, inadondoka. Hukumu inageuka. Mlinzi wa sheria anapelekwa gerezani, wezi wanaondoka zao na mke wake, wakipanga safari ya Amerika ya Kusini na wakijifariji kwamba Phantom akiiba tena Clouseau ataachiwa.

Ili uone uthubutu wa mwisho huo, kumbuka kwamba kanuni za maadili za Hollywood, zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934 na kuondolewa 1968, zilitaka uhalifu usilipe. Ndiyo maana katika Ocean's 11 ya mwaka 1960 fedha zinateketea, na hata wezi wa Topkapi wanaishia jela. Edwards anaitii sheria kwa kidole gumba tu, kwa sababu mwizi kweli haondoki na almasi, lakini anaondoka huru na mwanamke. Hata hivyo hamtupi Clouseau. Njiani kwenda gerezani wanawake wanamshangilia, polisi wanaomsindikiza wanamwonea wivu, na wanamuuliza kwa heshima aliwezaje kufanya wizi wote ule. Anafikiri kidogo, kisha anajibu kwamba haikuwa rahisi. Mtu aliyedharauliwa filamu nzima anapewa sifa kwa mara ya kwanza, kwa kosa ambalo hakulitenda, na anaipokea. Anayesema hapo Clouseau ameonewa amesema kweli, lakini autazame uso wa Sellers katika sekunde zile kabla hajajibu, aone furaha ikiingia polepole.

Kuhusu kuendelea, ushauri wangu ni kwamba usiziangalie zote. Nenda moja kwa moja kwenye A Shot in the Dark ya 1964. Haina almasi wala chui, lakini ndiyo Clouseau aliyekamilika, na kama hiyo nayo itakulaza basi Sellers si mwigizaji wako na hakuna ubaya. Baada yake angalia The Return of the Pink Panther ya 1975, inayoirudisha almasi na kumweka Christopher Plummer mahali pa Niven. Wizi wa makumbusho unaoifungua ni wa makini zaidi kuliko chochote kilichomo katika ile ya kwanza, na magazeti ya Uingereza yaliikumbuka mwaka 2003, pale pete ya almasi iliyoibwa London ilipopatikana imefichwa ndani ya kopo la krimu ya uso kama ilivyo humo, na genge lililohusika likabandikwa jina la Pink Panthers. Ile ya 1982, Trail of the Pink Panther, iache. Sellers alikuwa amefariki mwaka 1980, na imeungwaungwa kwa vipande vilivyobaki kwenye makabati. Baba yako huenda akapendekeza muanze na ya 1975, kwa kuwa ina kelele zaidi na Clouseau hatoki machoni. Mkubalie, ila msiiruke ya 1964.